Waridi Linalonukia Lina Nafasi Bukavu

Hotuba iliyotolewa Bukavu mbele ya wapenda bustani, wenye pepinyeri na wamama wauza maua. Tunaiweka hapa yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Wababa na wamama, ndugu zetu wa Kadutu, Ibanda na Bagira, wageni wetu mliovuka ziwa kutoka Goma, na ninyi vijana wa pepinyeri: jambo yenu nyote.

Wengi wenu mmekuja na maua kama mlivyoombwa. Aliye na waridi la dukani alisogeze puani. Sasa mpe jirani yako, upokee lake lililokatwa leo asubuhi kwenye parseli ya nyumba ya zamani. Nusa na hilo. Mmeona? Lile la kwanza limesimama wima, rangi yake safi, na litakaa kwenye maji zaidi ya wiki. La pili limelegea, limeshaanza kudondosha petali mapajani mwenu, lakini chumba kizima sasa kinanukia. Kwa nini lile zuri zaidi halina harufu? Nani aliichukua?

Nimekuja kusema kwamba hakuna aliyeichukua. Watu walichagua mawaridi kwa macho, wakaacha kuyachagua kwa pua. Waridi linalonukia bado lipo, na mji huu wetu wa milimani ni mahali pazuri pa kulilea, mradi tuchague koo zinazofaa hapa na tuzizidishe kwa mikono yetu wenyewe.

Tuanze na historia kidogo. Mawaridi ya zamani ni yapi? Mpaka unaotumiwa na wengi ni mwaka 1867. Mwaka huo, mjini Lyon, Ufaransa, mkulima wa miche Jean-Baptiste Guillot alitoa waridi aliloliita 'La France'. Ndilo linalohesabiwa kuwa la kwanza katika ukoo wa mahuluti ya chai, yaani machotara yenye damu ya mawaridi ya chai, ukoo uliojaza maduka ya maua ya leo. Ukoo wowote uliokuwapo kabla ya 1867 huitwa wa zamani, hata kama waridi lenyewe lilizaliwa ndani ya ukoo huo miaka mingi baadaye. Na tusimwonee Guillot: 'La France' linanukia sana. Harufu haikupotelea kwake.

Ilipotelea njiani, kidogo kidogo. Mwaka 1900, huko huko Lyon, Joseph Pernet-Ducher alitoa 'Soleil d'Or'. Rangi yake ya manjano yenye moto ilitoka kwenye waridi la Uajemi, na dunia iliipokea kwa mikono miwili. Pamoja na rangi ile ukaingia udhaifu mbele ya ugonjwa wa madoa meusi. Mama anayeona waridi lake la manjano limepukutika majani yote mwezi wa Novemba hulaumu mvua ya Bukavu. Mvua ina sehemu yake, sawa, lakini udhaifu umo kwenye damu ya mche.

Kisha likaja soko la maua ya kukatwa. Fikirieni waridi lililokatwa Naivasha, Kenya: linawekwa kwenye baridi, linapanda ndege, linauzwa Uholanzi, linasafirishwa tena hadi dukani, ndipo linafika mezani kwa mtu. Kwa safari hiyo mfanyabiashara anahitaji nini? Shina refu. Petali nene zisizochubuka. Ua lisilofunguka haraka. Hakuna mtu aliyesimama akasema, "Tuondoe harufu." Hakuna tu aliyeichagua. Na kitu kisichochaguliwa kizazi baada ya kizazi, hupungua mpaka kinakwisha.

Mwaka 2015 watafiti wa Ufaransa walionyesha jambo hili ndani ya petali zenyewe. Kuna kimeng'enya kiitwacho RhNUDX1 kinachosaidia kutengeneza geranioli, moja ya vitu vinavyolipa waridi harufu yake. Kwenye mawaridi yasiyonukia, kimeng'enya hicho karibu hakifanyi kazi. Hilo lina maana gani kwako unayelima? Lina maana kwamba ukinunua mche usionukia, hata umwagie samadi ya ng'ombe kumi, hautanukia. Harufu imo ndani ya mche, au haimo. Kwa hiyo unaponunua, nusa kwanza. Nusa asubuhi, ua likiwa limefunguka nusu, kwa sababu saa saba mchana hata waridi bora limeshapoteza sehemu kubwa ya mafuta yake hewani. Na ukiuziwa mche ambao haujachanua, omba uone mama yake.

Wale wanaoishi kwa harufu wanaijua saa hiyo. Huko Bulgaria, kwenye bonde la Kazanlik, wavunaji huingia shambani alfajiri mwezi wa Mei na Juni, umande ukiwa bado kwenye maua, na hujitahidi kumaliza kabla jua halijawa kali. Huhitajiwa kama kilo 3,500 hadi 4,000 za maua kupata kilo 1 tu ya mafuta ya waridi. Kilo moja! Ndiyo maana chupa ndogo ya mafuta halisi ni ghali hivyo, na ndiyo maana ndugu zetu wa Lamu na Zanzibar, wanapowanyunyizia wageni marashi kwa mrashi kwenye maulidi au harusini, wanawapa heshima kubwa.

Sasa, baada ya kusikia hayo, kuna atakayesema: basi nileteeni waridi hilo la Kazanlik nilipande Panzi au Nguba. Hapana. Hapa ndipo wapenda mawaridi wengi wa nchi za joto hupoteza fedha zao.

Koo za zamani kabisa za Ulaya na Mashariki ya Kati, yaani gallica, alba, sentifolia na damaski, ambamo limo lile la Kazanlik, ni mimea ya nchi zenye baridi kali. Huchanua mara moja kwa mwaka, na zinahitaji majira ya baridi ili zilale ndipo zitengeneze maua. Bukavu iko karibu digrii mbili na nusu kusini mwa ikweta, kwenye mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Usiku wetu ni wa baridi ya koti, lakini hauna baridi ya kuulaza mche. Utapata kichaka kizuri cha majani na miiba, utakipalilia miaka mitatu, na ua litakuja moja moja au lisije. Kosa halitakuwa lako wala la udongo. Mche ulikuwa unasubiri baridi isiyokuja.

Tunahitaji nini basi? Tunahitaji mawaridi yenye damu ya China.

Kule China watu walikuwa wamelea kwa karne nyingi mawaridi yanayochanua tena na tena, mwaka mzima, bila kungoja majira. Yalianza kufika Ulaya kwa meli za biashara mwishoni mwa karne ya 18. Manne yalibadilisha kila kitu: jekundu la Slater mwaka 1792, la pinki la Parsons mwaka uliofuata, ambalo leo tunaliita 'Old Blush', kisha la Hume mwaka 1809, na la manjano la Parks mwaka 1824. Haya mawili ya mwisho yalileta pia harufu mpya, harufu ya majani makavu ya chai. Ulaya walikuwa na harufu nzito ya damaski lakini kwa wiki chache tu za mwaka. China walikuwa na maua ya mwaka mzima, harufu yake nyepesi. Nani angeziunganisha?

Sikilizeni jibu, kwa maana linatuhusu. Koo hizo mbili hazikukutana kwenye bustani ya mfalme. Zilikutana kwenye kisiwa cha Afrika. Mashariki mwa Madagaska kuna kisiwa kinachoitwa leo Réunion. Wakati ule kiliitwa Bourbon. Wakulima wa pale walizungushia mashamba yao uzio wa mawaridi, na walitumia aina mbili: 'Old Blush' kutoka China, na damaski la 'Quatre Saisons', ambalo peke yake kati ya damaski za wakati ule lilijulikana kwa kuchanua zaidi ya mara moja. Nyuki hawakujali lipi ni la nani. Karibu na mwaka 1817 mwenye shamba mmoja aitwaye Perichon aliona kati ya uzio mche usiofanana na mingine. Mtaalamu wa mimea kisiwani, Bréon, akaushughulikia, na mbegu zake zikatumwa Ufaransa kwa Jacques, mtunza bustani wa Duke wa Orléans. Kutokana na hizo ukazaliwa ukoo mzima, mawaridi ya Bourbon: maua yaliyojaa petali, harufu nzito, na yanachanua tena.

Uzio wa shamba, ndugu zangu! Hakuna maabara, hakuna bajeti. Uzio kama ule mlio nao ninyi kwenye parseli zenu.

Kwa hiyo mkiniuliza tupande nini Bukavu, nitataja koo nne: za China, za chai, za Noisette, ambazo nazo zina damu ya China, na za Bourbon. Ukitaka waridi lisilokusumbua, anza na 'Old Blush'. Harufu yake si kali, lakini karibu kila mwezi utakuta ua. Kwenye ukoo wa chai, 'Duchesse de Brabant' la mwaka 1857 ni pinki, linanukia vizuri, na shingo ya ua huinama. Wauza maua hawapendi shingo hiyo. Sisi wa nchi ya mvua tuipende, kwa sababu ua lililoinama halijai maji. 'Lady Hillingdon' la 1910 lina rangi ya parachichi la Kizungu lililoiva, lile tunda dogo la Ulaya, na ndilo la kumwonyesha mtu asiyeamini kwamba waridi linaweza kunukia chai. Kwenye Bourbon, 'Louise Odier' la 1851 ni la kutegemewa. 'Zéphirine Drouhin' la 1868 halina miiba, kwa hiyo lipande njiani wanakopita watoto, ila jiandae kupambana na madoa meusi. Na 'Madame Isaac Pereire' la 1881, kwa maoni yangu, halina mpinzani kwa harufu. Maua yake ya kwanza yanaweza kutoka yamepindapinda. Usiung'oe mche. Yanayofuata hunyooka.

Lakini mche utaupata wapi? Hapa naomba mfungue daftari, kwa sababu hii ndiyo sehemu mtakayorudi nayo nyumbani.

Mawaridi haya ya zamani yana fadhila moja kubwa: mengi yake huota kwa pingili. Anayejua kupanda muhogo ameshajua nusu ya kazi. Chukua tawi lililomaliza kuchanua siku chache zilizopita, unene wa kalamu ya risasi. Tawi changa sana litaoza, na lililozeeka likawa kijivu litachelewa mno. Utajuaje kwamba limekomaa? Sukuma mwiba wake kwa kidole gumba, kwa upande. Ukivunjika mara moja na kuacha alama safi ya mviringo, tawi liko tayari. Ukipinda au kuchuna ganda, ngoja wiki nyingine.

Kata kipande cha sentimita 15 hadi 20 chenye vijicho vinne au vitano. Chini, kata sawa, mara tu chini ya kijicho, kwa sababu mizizi hupenda kutokea hapo. Juu, kata kwa mshazari kidogo juu ya kijicho, ili maji yateleze na usije ukapanda kichwa chini. Tumia sekateri kali au wembe. Kisu butu huponda tawi, na palipopondwa huoza. Ondoa majani yote isipokuwa mawili ya juu. Halafu, upande mmoja wa chini, kwangua ganda la nje kwa urefu wa sentimita 2, taratibu, mpaka uone kijani kilichopauka. Usifike kwenye mti wenyewe.

Udongo wa pingili usiwe na samadi. Narudia: usiwe na samadi. Changanya nusu mchanga wa mto uliooshwa na nusu mboji iliyooza kabisa, ujaze kwenye sashe nyeusi lililotobolewa chini. Toboa shimo kwanza kwa kijiti, usiisukume pingili kwa nguvu, maana utachubua lile kovu ulilolitengeneza. Zamisha theluthi mbili, kandamiza kwa vidole, mwagilia. Kisha funika kwa chupa ya plastiki ya lita 1.5 iliyokatwa kitako, na uweke kivulini, mahali penye mwanga lakini pasipo jua la moja kwa moja. Wakati mzuri kwetu ni Septemba na Oktoba, mvua zikianza.

Baada ya wiki sita hadi nane mizizi huwa imetoka. Na katikati ya hapo kuna mtego ambao umeua pingili nyingi kuliko ukungu wote. Wiki ya tatu utaona kijani kinachipua juu. Utafurahi, utaita majirani, utaondoa chupa. Siku nne baadaye yote yamenyauka. Kwa nini? Kwa sababu machipukizi yale yalitoka kwenye akiba iliyokuwa ndani ya tawi. Mizizi haikuwapo bado. Usivute pingili kuona kama imeshika. Tazama chini ya sashe: ukiona mizizi myeupe kwenye matundu, ndipo uanze kufungua kizibo cha chupa, wiki ijayo inua chupa kwa saa chache, kisha iondoe. Bustanini ipeleke ikiwa na miezi minne hadi sita.

Ikiwa kitako cha pingili kimekuwa cheusi, maji yalizidi au udongo ulikuwa na kitu kibichi. Ikiwa majani mawili yalidondoka wiki ya kwanza, hewa ilikuwa kavu, chupa haikukaa vizuri. Panda pingili kumi ukitaka miche mitano.

Kuna faida nyingine ya pingili. Miche mingi ya biashara imebebeshwa juu ya shina la waridi jingine. Mara nyingi mtu husema, "Waridi langu lilikuwa la pinki, sasa limegeuka jekundu dogo lisilonukia." Halikugeuka. Shina la chini lilichipua, likamzidi nguvu yule wa juu, akafa. Mche wa pingili, hata ukikatwa mpaka ardhini, kinachorudi ni waridi lile lile.

Kuhusu kupanda nitakuwa mfupi. Udongo wetu mwekundu wa milimani ni mzito na una asidi. Chimba shimo la sentimita 50 kila upande, changanya udongo wa juu na theluthi moja ya samadi iliyooza miezi kadhaa, ongeza konzi mbili za majivu ya makala kutoka kwenye mbabula ili kupunguza asidi. Kwenye mteremko tengeneza kitaraza, na hakikisha maji hayasimami: jaza shimo maji kabla ya kupanda, na kama baada ya saa chache bado yapo, inua kitanda au tafuta mahali pengine. Acha mita 1.2 hadi 1.5 kati ya mche na mche. Ninyi wa Goma mna shida ya kinyume. Kwenye mawe ya volkano maji yanakimbia. Chimbeni kati ya mawe, leteni udongo wa kujaza shimo zima, acheni majivu, na funikeni juu kwa majani makavu ya migomba sentimita 5 hadi 7, yasiguse shina. Wakati wa kiangazi mche mmoja uliokomaa unahitaji lita 10 hadi 15 kwa wiki, zimwagwe chini polepole, asubuhi.

Nimesema asubuhi, na nimesema chini. Ugonjwa wa madoa meusi ni ukungu, na ukungu huo unahitaji jani likae na maji kwa muda wa saa saba hivi ndipo uingie. Mvua hatuwezi kuizuia. Lakini kumwagilia majani saa kumi na mbili jioni ni kuualika ugonjwa sisi wenyewe. Okota majani yaliyodondoka, uyachome, usiyatie kwenye mboji. Kama kinga, kijiko kimoja cha chai cha magadi ya kuokea, yaani bikaboneti, kwenye lita moja ya maji, pamoja na matone machache ya sabuni ya maji, hunyunyizwa kila wiki. Huzuia tu, haiponyi jani lililokwisha kuugua. Kiangazi, adui hubadilika: huja ubwiri unga, ule weupe kama unga wa muhogo juu ya machipukizi. Kwa huo, maziwa sehemu moja na maji sehemu tisa, asubuhi yenye jua.

Sasa kuhusu mvua na maua yenyewe. 'Souvenir de la Malmaison', waridi la Bourbon la mwaka 1843, ni miongoni mwa mazuri kuliko yote, na mvua hulitesa. Petali za nje hushikana, kichwa hubaki kimefumba, hugeuka kahawia na kuoza kwenye shina. Mtu hudhani ni mdudu. Ni maji. Dawa yake ni kalenda. Kutoka kupogoa hadi kuchanua, kwa baridi yetu, ni kama wiki sita hadi nane. Ukipogoa katikati ya Aprili, maua yatafunguka Juni, mvua ikiwa imekatika, na harusi za kiangazi zimekaribia. Wamama wauza maua, mmesikia? Katikati ya Aprili.

Lakini mpogoe kwa adabu. Waridi la ukoo wa chai halipendi kisu. Ondoa matawi makavu na yanayosuguana tu, liache likue. Ukilikata hadi magotini kama mahuluti ya kisasa, litanuna mwaka mzima na huenda lisirudi. Bourbon hukatwa theluthi moja. Na kwa zile zenye matawi marefu ya mita mbili, kama 'Madame Isaac Pereire', kuna kazi ninayoipenda kuliko zote. Usikate tawi. Liinamishe. Likamate kwa mikono miwili, lipinde kidogo kidogo siku ambayo mvua imenyesha na tawi ni laini, mpaka lilale karibu sambamba na ardhi, kisha ulifunge kwa kamba ya mgomba kwenye kigingi cha sentimita 40. Tawi lililosimama hupeleka nguvu zote kwenye ncha na kutoa maua kileleni tu, kwa sababu ncha huzuia vijicho vya chini. Tawi lililolala halina ncha ya kutawala. Kila kijicho huamka. Mtaona vichipukizi vimejipanga kwa mstari kwenye mgongo wa tawi, na kila kimoja kinabeba ua.

Nimalizie na jambo la majina, ambalo linatugusa moja kwa moja hapa.

Kwenye nyumba za zamani za mji huu, tangu ulipoitwa Costermansville, na kwenye bustani za misheni, kuna mawaridi ambayo hakuna anayeyajua jina. Aliyeyapanda ameondoka. Kibao kimeoza. Kila mwaka parseli moja inauzwa, inakatwa vipande, inajengwa ghorofa, na mche uliostahimili vita, kiangazi na mbuzi unang'olewa kwa asubuhi moja. Tufanye nini? Tukae tukilia kwamba hatuna wataalamu?

Watu wa Bermuda hawakulia. Kisiwa chao ni cha joto, hakina barafu, na mawaridi ya chai na ya China yalikuwa yameishi kule kwenye bustani na makaburi bila majina. Chama chao cha mawaridi kilianzishwa mwaka 1954. Walichukua pingili, wakazilea, na kila waridi lisilojulikana wakalipa jina la muda la mahali lilipopatikana au la mwenye bustani. Moja wanaliita 'Smith's Parish', kwa jina la tarafa. Jingine, 'Spice', wengi wanaamini ndilo lile la Hume la 1809, ambalo Ulaya walidhani limepotea. Linganisho lilikuja baadaye, bila haraka. Kwanza waliokoa.

Nasi tufanye hivyo. Ukikuta waridi linalonukia mahali ambapo patajengwa, omba ruhusa kwa mwenyewe, kata pingili kumi. Usilibunie jina la Kifaransa ili liuzike. Jina la uongo ni baya kuliko kukosa jina, kwa sababu halifutiki tena. Liite 'Pinki ya Muhumba' au 'Nyeupe ya Kadutu'. Andika kwa kalamu ya risasi kwenye kipande cha plastiki cheupe, maana wino hufutwa na jua: mahali, mwezi na mwaka, rangi ya ua likifunguka na rangi yake likikaribia kudondoka, idadi ya petali, na harufu inayofanana na nini. Kisha, na hili ndilo muhimu, usiweke miche yote kwako. Mpe mtu wa Bagira mmoja, mtu wa Goma mmoja. Wako ukifa, utarudi kwake kuomba pingili.

Wamama waliouliza kuhusu marashi: petali nusu kilo za alfajiri, zisizopuliziwa dawa yoyote ya wadudu. Weka tofali dogo safi katikati ya sufuria kubwa, juu yake bakuli. Petali zizunguke tofali, maji lita 1.5. Funika kwa mfuniko uliogeuzwa, kishikio kikielekea bakulini, na juu ya mfuniko mwaga maji baridi, uyabadilishe yakipata joto. Moto wa makala uwe mdogo. Mvuke utapanda, utagusa baridi, utadondokea bakulini. Chukua nusu lita ya kwanza tu na uzime. Ukiendelea, petali zitaungua chini na marashi yatanuka kama mboga iliyoshika sufuria. Tia kwenye chupa ya kioo cheusi.

Pale mlangoni kuna ndoo mbili zenye matawi yaliyokatwa leo asubuhi, yamefungwa kwa gazeti lililolowa. Ndoo nyekundu ni 'Old Blush'. Ndoo nyeupe ni waridi la Bourbon lisilojulikana jina, limeandikwa lilikotoka. Kila mtu achukue matawi mawili, na asiyaache yapigwe na jua njiani. Yakate pingili leo leo na uyapande kabla ya kulala. Yakikesha kwenye maji hayatakufa, lakini yakikesha makavu, kesho usijisumbue. Aksanti sana.